Dubu wa Kikwajuni

Dada aliniachia vitu viwili: mtoto na sufuria. Alasiri ya Ramadhani, yeye kaenda sokoni Darajani kutafuta nazi na ndizi mbichi, mimi nimepewa mwiko nikoroge uji wa ngano. "Usiuache, ukiuacha unakukimbia," akasema. Nikajiuliza ananiona mtoto nini huyu.

Mpwa wangu ana miaka mitano na kwenye televisheni hataki kingine ila Masha na Dubu, katuni ya Warusi iliyoanza 2009. Tena si kipindi chochote, ni kilekile Masha anapopika uji. YouTube kimetazamwa zaidi ya mara bilioni 4. Bilioni moja nahisi ni za nyumba yetu.

Nilitoka jikoni mara moja tu, kuchungulia. Kusema kweli Dubu namwonea huruma. Mstaafu wa sarakasi, kajitafutia kijumba chake msituni apumzike, mara anatokea Masha! Na maskini hasemi neno, anaguna tu. Nikakaa, mwiko mkononi. Uji wa Masha ukapanda, ukafurika.

"Mjomba, uji unamwagika."

"Nauona."

"Mjomba, unamwagika!"

"Si ndo raha yenyewe, mwanangu. Tazama."

Hapo nikasikia harufu. Televisheni haina harufu.

Uji ulikuwa umeshazima jiko, umepita droo ya vijiko na unaelekea chini ya friji. Nikafunga mtungi wa gesi. Uliobaki ulikuwa umeshika chini. Nikauhamishia sufuria la pilau, nikatia maji. Ukawa mwepesi, naona mpaka kitako. Nikatia unga, ukaingia madonge. Nikatia maji. Nimefunga, sionji, nikamwita mtaalamu.

Akaonja, akafikiri. "Una moshi."

Nikatia pilipili manga, iliki, tangawizi.

"Una moshi na unawasha."

Kufika saa kumi na mbili kasoro, sufuria la pilau limejaa, na mabirika mawili yamejaa. Nikakumbuka Masha aliwalisha wanyama wa msituni. Sisi hapa mtaani Kikwajuni tuna majirani, na Ramadhani kupelekeana futari nani atashangaa? Nikamtuma mpwa bakuli kwa bakuli, nyumba saba. Akawa anarudi na kaimati, sambusa, mara sahani ya tambi. Biashara ikanoga, nikajuta sikupika zaidi.

Dada alikuta jiko linang'aa kuliko alivyoliacha, na hilo peke yake likamtia shaka. Adhana ikalia, tukafungua. Akapiga funda moja, akakohoa.

"Nani kapika uji huu?"

Nikamkonyeza mpwa. Mtoto mwaminifu, hakunitaja.

"Dubu," akasema.

Kumbe jibu hilohilo ndilo alilolitoa milango yote saba. Baada ya tarawehe nikasikia jirani yetu mzee barazani, bakuli letu mkononi:

"Hodi! Dubu yupo? Mwambieni kesho apunguze moshi."