Hasi tatu toa nne

Mpe mtoto aliyeingia kidato cha kwanza hesabu hii, −3 − 4, umwangalie anavyoifanya. Katika wanafunzi ninaowasomesha jioni barazani hapa Wete, Pemba, wengi huandika 7 bila ya kusita, na ukiwauliza wameipata vipi hukujibu kwa uhakika kabisa kwamba hasi na hasi ni chanya. Hawakubahatisha. Wameikumbuka kanuni ya kweli, ile ya kuzidisha, wakaipeleka pahala ambapo haina kazi. Kosa hili dogo linawagawa watu wanaojadili ufundishaji wa hesabu visiwani kwetu, kwa sababu kila upande, wa wanaotaka ufahamu kwanza na wa sisi tunaotaka mazoezi, hulichukua kuwa ni ushahidi wake. Na mjadala hauishi kwa kuwa matokeo ya kidato cha nne yanauchochea kila mwaka, hisabati ikiwa ni somo ambalo ufaulu wake kitaifa, mwaka 2022 na 2023, haukufika hata theluthi moja ya watahiniwa.

Upande mmoja unasema kwamba mtoto huyo amekaririshwa. Lau angefahamishwa tangu mwanzo kwamba −3 ni deni la shilingi elfu tatu dukani, na kwamba kutoa nne ni kukopa elfu nne nyengine, asingethubutu kusema kwamba sasa ana elfu saba mkononi. Hoja hii ni kongwe na ina heshima yake: Brahmagupta, mwanahisabati wa Kihindi aliyeandika kanuni za namba hasi mwaka 628, aliziita hasi madeni na chanya mali. Wanaoshikilia msimamo huu, ambao siku hizi wanapata nguvu kutokana na mazungumzo ya mitaala inayosisitiza umahiri, huiona karatasi yenye maswali arubaini yanayofanana kuwa ni adhabu inayozima akili, na wana mifano mingi. Tunawaambia watoto kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hubadilika, basi x + 5 = 12 inakuwa x = 12 − 5, na mambo yanakwenda vizuri mpaka siku wanapokutana na 3x = 12, wakaivusha 3 kama walivyozoea na kutujia na x = 9. Tunawapa MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa), wakafanya 10 − 3 + 2 wakapata 5, kwa kuwa katika neno lile JU imetangulia TO, na hakuna aliyewaambia kwamba kujumlisha na kutoa zina daraja moja na hufanywa kutoka kushoto kwenda kulia.

Upo mfano mmoja ambao kila nikiukumbuka hunitia shaka na msimamo wangu mwenyewe. Waambie wanafunzi kwamba pishi moja ni vibaba vinne; ikiwa p ni idadi ya pishi na k ni idadi ya vibaba, waandike mlinganyo unaoziunganisha. Kalamu nyingi zitaandika p = 4k, maana ndivyo sentensi inavyosomeka. Lakini chukua pishi 5 za karafuu: vibaba vyake ni 20, na mlinganyo ule unadai kwamba 5 ni sawa na 80. Ulio sahihi ni k = 4p. Mtoto aliyekosea hapa anajua, pengine kuliko mimi, kwamba pishi ni kubwa kuliko kibaba, kwani msimu wa karafuu huwa shamba pamoja na wakubwa zake. Tatizo ni kwamba ameifanya herufi kuwa jina la kitu, na si idadi ya kitu, na aliyemfundisha hivyo ni sisi, siku tuliyomwambia kwamba 3a + 2b ni maembe matatu na machungwa mawili. Kwa kosa la namna hii, maswali arubaini yanayofanana hayamsaidii kitu.

Hata hivyo nadhani mazoezi yamesingiziwa. Siku hizi neno kukariri limekuwa tusi, na kila mtoto anayeinamia daftari kufanya hesabu ishirini huonekana anakariri, wakati anachofanya ni kile ambacho wazee wetu walikiita kudurusu.

Angalia mlinganyo wa kawaida wa kidato cha kwanza: 5 − 2(x − 3) = 17. Ukifungua mabano unapata 5 − 2x + 6 = 17, kisha 11 − 2x = 17, kisha −2x = 6, na mwisho x = −3. Ndani ya mistari hiyo michache mna pahala pasiopungua panne ambapo mtoto anaweza kukosea alama: −2 ikizidishwa na −3, 5 ikikutana na 6, 11 ikiondolewa pande zote mbili, na 6 ikigawanywa kwa −2. Sasa tuchukulie mtoto anayepatia alama mara tisa katika kila kumi, na tuchukulie pia, kwa ajili ya kurahisisha, kwamba kila hatua inajitegemea. Mwalimu yeyote atasema kwamba mtoto huyu ameelewa namba hasi, na atakuwa amesema kweli. Lakini 0.9 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara nne ni 0.6561, yaani katika milinganyo 100 ya aina hii atapata kama 66 tu. Mpe swali refu zaidi lenye pahala panane pa kuteleza, na atapata 43. Mwenzake anayepatia mara 98 katika kila 100 atapata 92 katika milinganyo ile ya mwanzo na 85 katika hii ya pili. Ukiwahoji wote wawili kwa maneno, ukawauliza deni ni nini na mstari wa namba unakwendaje, huenda usiwatofautishe. Mwisho wa mwaka, mmoja ataambiwa ana kipaji na mwengine ataambiwa hesabu si zake, na huyu wa pili ataliamini neno hilo maisha yake yote. Hesabu hii nimeifanya mara nyingi usiku, kwa hatua nne, kwa sita, kwa nane, na kila nikiirudia naona kwamba umbali wa kutoka 90 hadi 98 hauzibwi na maelezo mazuri zaidi ya deni la dukani.

Na deni lenyewe halifiki mbali. Linafaa kwa kujumlisha, lakini jaribu kumwambia mtoto deni mara deni ni nini. Kinachomfahamisha ni kufanya kwa mkono wake −3 × 2, kisha −3 × 1, kisha −3 × 0, aone majibu −6, −3, 0 yakipanda kwa tatu tatu, mpaka mwenyewe aseme kwamba −3 × −1 haiwezi kuwa chengine isipokuwa 3. Hapo mazoezi yamezaa ufahamu, na yametangulia. Al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake cha karne ya 9, hakuishia kwenye maelezo; sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya mirathi yaliyofanywa moja baada ya jengine.

Wapinzani hunikumbusha kwamba mtoto wa chuoni anaweza kudurusu juzuu nzima bila ya kujua maana ya aya moja. Ni kweli, na mfano wa chuoni, niliokuwa nikiutolea kutetea mazoezi, siutumii tena. Wanaongeza kwamba Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati isomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, kwa hivyo mtoto anaweza kukimbilia alama kwa sababu maneno yamemshinda. Hilo nalo nimeliona.

Ninapowakubalia moja kwa moja ni katika namna ya maswali. Wiki nzima ya kuzidisha hasi kwa hasi ndiyo iliyotuletea ile 7, kwani mtoto amefundishwa kutochagua. Alipaswa kupewa kwa pamoja −3 − 4, −3 × −4 na −3 − (−4), ambazo zinafanana kwa sura na majibu yake ni −7, 12 na 1. Vivyo hivyo kwa kubwa kuliko na ndogo kuliko: −2x < 6 inatoa x > −3, na 2x < −6 inatoa x < −3, lakini aliyefanya za aina ya kwanza peke yake hugeuza alama kila aonapo hasi. Karatasi iliyochanganywa hivyo haitaki maswali arubaini. Kumi na mbili kwa siku zinatosha.

Husemwa pia kwamba mwalimu mwenye darasa lililofurika, na mkondo wa mchana ukisubiri mlangoni, hawezi kusahihisha kazi za kila siku. Lakini mlinganyo ni miongoni mwa maswali machache ambayo mtoto anaweza kujisahihishia: airudishe −3 pale palipokuwa na x, aone kama upande wa kushoto unatoa 17. Hata p = 4k huanguka kwa njia hiyo hiyo, ukiweka 5 na 20. Juzi msichana mmoja pale barazani alifanya zile tatu zangu. Akapata −7, akapata 12, ya tatu akaitazama muda mrefu, kisha akageuza daftari, akachora mstari wa namba nyuma ya jalada na kuanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu. Ilipoadhiniwa magharibi alikuwa bado hajaandika jibu, na swali alikwenda nalo nyumbani.