Shemeji, Tangi Limekwisha: Ni Mawe Tu

Shemeji yangu alikuja kututembelea Jumapili moja, akasimama mbele ya tangi la samaki pale sebuleni, akainama, akachungulia huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ya kunihurumia: "Shem, mapambo utaweka lini?" Nikamjibu kwamba tangi limekwisha. Mle ndani mna mawe, mchanga na magamba ya konokono, basi. Hakuniamini. Yeye amezoea matangi ya mahotelini, yenye changarawe za buluu, ngome ya plastiki, mzamiaji anayetoa mapovu na matumbawe ya mpira ya rangi ya waridi. Matumbawe hukaa baharini, jamani, na samaki wanaozungushwa humo ni wa maji baridi.

Mwenye kupenda ngome yake simwingilii, hasa kama ana watoto wadogo. Kinachoniudhi ni kwamba sisi ndio wenye ziwa. Nimekulia Kigoma. Ukienda kuogelea upande wa Katonga, pale ufukwe wa Jakobsen, huna haja ya kuzamia: maji ya kiunoni yanatosha kukuonyesha mawe yaliyolaliana, nyufa zake, na samaki wadogo wenye milia wanaoingia na kutoka humo kama watu wa nyumba za kupanga. Ni ndugu wa sato na perege, na ndugu wa kuhe tunayemla. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za jamii hiyo, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Kuna watu Ujerumani wanakesha wakipanga mawe ili yafanane na fukwe zetu, na samaki wanaowaweka humo ukoo wao ulitoka huku huku. Mimi mtoto wa Kigoma nilipohamia Dar, kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa ngome.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na nimeufikia kwa hasara: kabla hujatoa hela, chagua mahali pamoja unapopafahamu, kisha uige hapo tu. Usichanganye.

Tangi langu la kwanza lilikuwa mchanganyiko mtupu. Niliweka mimea ya kila namna, gogo, na juu yake mawe ya Kunduchi niliyoyapenda kwa sababu yana matundu. Baada ya muda majani yakaanza kuwa ya njano, nikaongeza mbolea, yakazidi. Mawe ya Kunduchi ni ya matumbawe, yaani chokaa, na chokaa huyeyuka polepole ikayafanya maji kuwa magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na mimea yangu haikuyapenda. Ningelidondoshea jiwe siki kidogo ningeona likitoa povu, nikajua mapema. Siki ya shilingi chache! Kinachochekesha ni kwamba kosa lile lile ni dawa kwa samaki wa Tanganyika, ambao wamezoea maji ya pH (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati) karibu 9, yaani yasiyo na uchachu. Siku hizi vipande vya jiwe la Kunduchi ninavyo ndani ya filta, visikoonekana, vinafanya kazi yao.

Mawe ya kuonekana nilichukua ya Lugoba, kwa mtu aliyebakiwa nayo baada ya ujenzi. Hapa ndipo ninapobishana na wengi. Watu humwaga mchanga kwanza, kisha wanaketisha mawe juu yake. Samaki hawa huchimba. Watachimba chini ya jiwe mpaka liyumbe, na jiwe la kilo nane likiegemea kioo saa nane za usiku, utaamka unaelea. Mawe yatangulie. Nilitandika plastiki ngumu nyembamba juu ya kioo cha chini, nikaweka mawe mapana, nikayatikisa kwa mkono moja moja, lililocheza nikaligeuza. Mchanga ulikuja mwisho, ukaingia wenyewe kwenye mapengo. Na usisahau uzito: tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 45 hubeba lita 180, yaani kilo 180 za maji peke yake. Meza ya televisheni haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Kuhusu mpangilio wenyewe, kuna kanuni nyingi: mawe yawe idadi witiri, kubwa lisikae katikati, mchanga uinuke kuelekea nyuma ili tangi lionekane na kina. Nazifuata nusunusu. Ninayoishika kweli ni ya mawe ya aina moja, mishipa yake ikielekea upande mmoja, kwa maana mawe ya ufukweni yamevunjika kutoka mwamba mmoja. Nayo yapande juu, karibu yafike kwenye uso wa maji, yaache nyufa za kupenya. Samaki akiweza kumpotea jirani yake nyuma ya jiwe, ugomvi hupungua.

Mawe yakiota kijani siyasugui. Kioo cha mbele nasafisha, hapo nataka kuona. Lakini mwani juu ya jiwe ndio Kigoma yenyewe; kuna samaki kule ambao maisha yao yote ni kuuparua.

Miti na mimea nimeihamishia kwenye tangi dogo la chumbani. Kule kuna tawi la mpera wa jirani, lililokauka kabisa, ambalo nilililoweka wiki nne na bado likayageuza maji kuwa chai ya rangi. Sioni ubaya wake. Mito mingi ya msituni iko hivyo. Juu ya tawi nimefunga anubia, mmea wa majini wenye majani magumu, kwa uzi wa kushonea. Wa kwanza niliufukia shina mchangani kama mchicha, ukaoza. Shina lake linataka kukaa wazi, mizizi ndiyo ishike.

Najua wengine mnaangalia picha za Takashi Amano, yule Mjapani mpambaji wa matangi aliyefariki 2015, aliyeacha Lisbon tangi la mita 40 lenye bustani nzima ndani yake. Ni kazi ya ajabu. Ila kwa bustani nene namna ile utataka mtungi wa kaboni dayoksaidi ya kulisha mimea, taa kali na mkasi kila wiki, na mimi mtungi wa gesi ya kupikia tu hunishinda mwisho wa mwezi. Halafu watu huiga matangi yake, wakati yeye alikuwa akitembea misituni na kamera, akiiga mahali penyewe.

Shemeji alirudi siku ya Pasaka. Kona ya kulia, pale nilipokuwa nimesawazisha mchanga vizuri, palikuwa na mashimo, na magamba ya konokono yamefukiwa yote, imebaki midomo tu. "Nani amekuharibia?" akauliza. Nikamwonyesha mmoja wa wale wadogo wanaoishi kwenye magamba, hafiki hata sentimita 5, akibeba mchanga mdomoni, anautema pembeni, anarudi kuchukua mwingine. Shemeji akavuta stuli. Mke wangu aliita chakula mara mbili.