Cha juu cha dalali wa mtandaoni

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mama mmoja muuza dagaa alinipa simu yake. "Kaka, hebu nisomee. Wanasema huu ndio wa kwanza." Ilikuwa orodha ya mikopo kumi ya haraka, kila mmoja na nyota zake, wa juu ukiwa na nyota nne na nusu. Nikashuka mpaka chini kabisa. Huko, kwa herufi ndogo za kijivu, wenye tovuti walikiri kwamba baadhi ya kampuni zilizotajwa huwalipa.

Sikumwambia aachane nayo. Kupitia mikataba ya wakopeshaji kumi, kupiga hesabu za riba, ada na faini, kisha kurudia kila masharti yanapobadilika ni kazi, na mfanyakazi lazima ale. Msomaji wa kwetu hatoi hata elfu mbili kwa mwezi kulipia ushauri wa namna hiyo, kwa hiyo anayelipa ni kampuni iliyoletewa mteja. Hapo Mwaloni dalali anachukua chake na hakuna anayeshangaa, mradi inajulikana ni cha nani. Wapo wanaojitahidi kuwa wazi: MoneySavingExpert ya Uingereza, iliyoanzishwa na Martin Lewis mwaka 2003, huweka alama kwenye viungo vinavyoiingizia pesa, na inapowezekana huweka pembeni kiungo kisicho na malipo cha bidhaa ileile.

Ila wapo na wengine. Mwaka 2020 tovuti ya LendEDU ya Marekani ilikubali kulipa dola 350,000 kumaliza kesi ya tume ya biashara ya huko, FTC. Tuhuma ilikuwa kwamba iliuza nafasi za juu na alama kwa kampuni zilizolipa, huku ikiwaambia wasomaji kuwa haipendelei mtu. Tena maoni mengi ya kuisifu, tume ilisema, yaliandikwa na wafanyakazi wake, ndugu na marafiki.

Sheria ya kuitaka tovuti iseme wazi nani anailipa inasaidia, siipingi. Kinachonisumbua zaidi ni nani hayumo kwenye orodha. Kikoba cha Igoma hakina fungu la kumlipa mwandishi, na SACCOS ndogo ndiyo hiyohiyo. Anayelipwa kwa kila anayejisajili atapata wapi moyo wa kuandika "mwezi huu usikope"? Hajasema uongo wowote, amenyamaza tu.

Halafu hizo nyota. Nilipozisoma vizuri, nyingi zilitolewa kwa kasi ya pesa kuingia kwenye simu. Riba ilitajwa kwa neno moja: nafuu. Tukapiga hesabu ya milioni moja, miezi 12, asilimia 3 kwa mwezi. Riba ikikokotolewa juu ya mkopo wote mpaka mwisho, unalipa riba ya 360,000. Ikikokotolewa juu ya deni lililobaki, kwa marejesho sawa kila mwezi, ni kama 205,500. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya laki na nusu, na orodha nzima haikusema nani anatumia hesabu ipi. Kwangu mimi hapo ndipo uaminifu wa mchambuzi unapopimwa, kuliko kwenye zile herufi za kijivu.

Kuna na jambo dogo ambalo tovuti yoyote ingelifanya kwa dakika chache: kuangalia leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya kidijitali yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali. Safu ya leseni kwenye orodha ya mama haikuwepo.

Akaniuliza, "Sasa huyu wa kwanza anatumia hesabu gani?" Tukapiga namba ya huduma kwa wateja. Iliita mpaka ikakatika, na mteja wa mama alishaanza kuzamisha mkono kwenye gunia la dagaa, anatafuta mchanga.