Misingi Kwanza au Daftari la Madeni Kwanza?

Kijana mmoja wa hapa Kondele, Kisumu, alinijia Jumamosi moja na simu iliyojaa masomo nusunusu. Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, alikuwa amefika somo la nane, JavaScript, lugha nyingine ya aina hiyo, la tatu, kisha mtu akamwambia kazi ziko kwenye uchambuzi wa data, naye akaanza huko pia. Miezi minne ilikuwa imepita na hajaandika programu hata moja ya kwake. "Mwalimu, labda kichwa changu si cha kompyuta," akaniambia.

Nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa wengi, na kila mara yananiuma. Kichwa chake kilikuwa kizima. Kilichomlemea ni kwamba kila jambo lilimjia na uzito uleule, na hakuna aliyemwonyesha lipi linaweza kusubiri.

Sisi tunaofundisha wanaoanza hatukubaliani juu ya dawa. Wengine husema misingi kwanza: lugha moja, mwalimu mmoja, mazoezi ya vibadilika (majina yanayohifadhi thamani), masharti (kama hivi, fanya vile) na marudio (kurudia hatua) hadi mkono uzoee, halafu ndipo mtu afikirie kuunda kitu. Hoja yao ina mizizi. Mwaka 1988 John Sweller, mtaalamu wa saikolojia ya elimu kule Australia, alieleza kwamba akili inapokutana na jambo geni ina nafasi finyu mno. Mwanafunzi mpya akiachiwa atafute jibu peke yake, nafasi yote humalizwa na kule kutafuta, na kujifunza kunakosa pa kukaa. Yeye na mwenzake walikuwa wameshaona katika aljebra kwamba wanaoanza hufaidika zaidi wakisoma mifano iliyofanywa hatua kwa hatua kuliko wakitupiwa maswali.

Hapa kwetu hoja hiyo huzidi uzito. Nyumbani kijana huyu anaongea Dholuo, mjini Kiswahili, na kompyuta inamweleza kosa lake kwa Kiingereza ambacho hata shuleni hakukisikia. Anabeba lugha mbili ngeni kwa mpigo, ya mashine na ya maelezo yake. Ongeza bando linaloisha katikati ya video, na stima kupotea jioni, wakati pekee alio nao.

Wengine husema mpe mtu kitu cha kuunda tangu siku ya kwanza. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, alikuwa miongoni mwa walioanzisha lugha ya Logo mwaka 1967 huko Marekani, ambamo watoto walikuja kumwelekeza "kobe" wa kompyuta achore maumbo. Aliamini mtu hujifunza vizuri zaidi anapotengeneza kitu anachokijali. Na kweli, mazoezi ya vitabuni huchosha haraka. Nani hapa ana haja ya kuorodhesha namba tasa hadi mia?

Nilimuuliza kijana mama yake anafanya kazi gani. Anauza omena sokoni Kibuye, akasema, na wateja wa mkopo huwaandika kwenye daftari. Basi tukakubaliana: aandike programu ya kujumlisha madeni. Mstari wa kwanza uliomkwamisha ulikosa nukta pacha (:) mwishoni. Kwa bahati alikuwa na Python ya karibuni. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, ujumbe humwambia mtu waziwazi kwamba nukta pacha ilitarajiwa. Matoleo ya awali yangemwambia tu kwamba sentensi si sahihi, atafute mwenyewe.

Wiki iliyofuata programu ikafanya kazi, au ilionekana hivyo. Aliingiza deni la 200, kisha la 150, na jumla ikatoka 200150. Mama akaitazama skrini, akauliza, "Wuoda (mwanangu), laki mbili nilizikopesha lini?"

Python hupokea kila kinachochapwa kama maandishi. Maandishi yakijumlishwa, hubandikwa tu moja nyuma ya lingine, mpaka umwambie ayageuze yawe namba. Kijana alihangaika na hilo siku mbili.

Tukio hilo kila upande ungelidai kuwa ushahidi wake. Wa misingi watasema siku mbili zimepotea kwa jambo ambalo somo la nusu saa lingeliweka sawa, na mwingine angekata tamaa siku ya kwanza. Wa kuunda watajibu kwamba tofauti ya maandishi na namba haitamtoka tena maishani, ilhali somo la nane la Python lilikuwa limeshamfundisha jambo hilohilo na hakulikumbuka.

Mimi naegemea daftari la mama, lakini si siku ya kwanza. Juma la kwanza sasa nakaa na mwanafunzi juu ya programu fupi tatu zilizokamilika, tunazisoma mstari kwa mstari kwa Kiswahili, anabadilisha namba moja na kutabiri kitakachotokea. Kisha anachagua kitu cha nyumbani kwake, na masomo mengine yote anayafunga. JavaScript haitakimbia. Tena akikwama zaidi ya saa moja, aniulize. Kumwacha mtu siku mbili na 200150 lilikuwa kosa langu, na nusura nimpoteze.

Mama sasa anataka orodha ionyeshe nani amelipa nusu. Hilo linahitaji kila jina lifungamanishwe na kiasi chake, na juzi kijana aliniuliza mwenyewe afungue somo lipi.