Ameokoka, na Deni la Nyanya Je?

Jumapili moja hapa Busia, upande wa Uganda, kijana alisimama kutoa ushuhuda katika kanisa letu la mabati. Alikuwa mlevi, tapeli, mkopaji asiyelipa, na Yesu amemsamehe yote. Makofi yakapigwa. Mama mmoja muuza nyanya, aliyekaa mbele yangu, hakupiga. Alimnong'oneza jirani yake: "Elfu themanini yangu nayo imesamehewa?"

Mtu anaweza kumwona mama huyo mgumu wa moyo. Mimi naona aliuliza swali ambalo wanateolojia wamelisumbukia karne nyingi.

Paulo anawaambia Waefeso kwamba wameokolewa kwa neema, si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Kwa Kiganda neema ni ekisa, neno lilelile la huruma na wema wa kila siku. Anayeomba ekisa hana cha kulipia. Na yule mhalifu msalabani, aliyeahidiwa paradiso siku ileile, alipata wapi nafasi ya kurekebisha lolote? Ukidai matendo kwanza, huyo umemfungia nje.

Lakini Yakobo naye anasema imani isiyo na matendo imekufa, na Uganda imelijua hilo kwa vitendo. Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala mwaka 1929, na uamsho uliofuata ukatupa neno "mlokole", tulilolitoa kwa balokole wa Kiganda, yaani waliookoka. Walokole walijulikana kwa kuungama hadharani, na pia kwa kurudisha. Aliyeiba jembe alilibeba yeye mwenyewe hadi kwa mwenye jembe. Baadaye, katika shina hilohilo, wakatokea Bazukufu, walioona wenzao wamelegea. Wakakaza masharti hata kukopa kukawa kosa. Mama wa nyanya angewapenda, lakini hesabu za matendo zilikuwa zimerudi.

Mtihani mkali zaidi ulikuja 1977. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Uganda aliuawa Februari 16, chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi akakimbilia uhamishoni, kisha akatoa kitabu cha Kiingereza ambacho jina lake maana yake ni "Nampenda Idi Amin". Mjane wa enzi zile ana haki ya kuuliza nani alimtuma askofu kusamehe kwa niaba yake. Sina jibu la kumnyamazisha, wala sidhani anapaswa kunyamazishwa. Ninachokiona ni kwamba Kivengere hakumwondolea Amin hatia. Alikataa chuki isimtafune yeye mwenyewe. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana njia yao ya kupatana, mato oput: kosa hukiriwa, fidia hutolewa, ndipo pande mbili hunywa pamoja maji ya mzizi mchungu. Msamaha huo unaukunja uso.

Mimi nasimama na Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla hajaahidi kurudisha hata senti. Ahadi ya kulipa mara nne ilikuja baadaye. Ingetangulia, ingekuwa biashara. Isingekuja kabisa, majirani wangekuwa na haki ya kuuliza kama mgeni aliingia kweli. Ndiyo maana siwaelewi wahubiri wanaotuambia tupande mbegu, yaani bahasha, ndipo baraka ishuke. Wameugeuza mpangilio juu chini. Siwaelewi pia wanaotumia "Mungu amenisamehe" kumfunga mdomo anayewadai. Mungu amesamehe deni lake. La nyanya ni la mama.

Jumatano kijana alipita kibandani na elfu kumi. Mama hakumsifu wala kumhubiria. Alifungua daftari, akakata themanini, akaandika sabini, kisha akampimia nyanya nyingine, hizi kwa pesa mkononi.