Mia Mbili Hamsini na Magogo ya Babu

Tulimpa jina la Mia Mbili Hamsini kwa sababu hesabu hiyo aliitanguliza kabla hata ya salamu. Tani 250 ndio uzito wa ile mashine aliyokuwa akiiendesha kwenye mgodi wa dhahabu huko bara: eskaveta ya kupandwa kwa ngazi, ndoo yake inameza mita 15 za ujazo kwa mpigo, ikichota mara nne lori la tani 90 limeshajaa, lije jingine. Kwamba ziko kubwa zaidi, zile za umeme na kamba za chuma zinazopita tani 1,000 na kuburuta waya mnene nyuma yake, hilo alilisema kwa sauti ya chini, maana hizo hajawahi kuzikalia.

Sisi huku tulikuwa na ya tani 20. Ndoo yake haifiki hata mita moja ya ujazo, kioo cha mbele kina ufa, na kiti kimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kazi ilikuwa kuchimba mfereji wa kuingiza maji ya bahari kwenye mabwawa ya chumvi, upande wa Ngomeni, kaskazini ya Malindi ukishapita Gongoni. Mimi na wenzangu wawili tulikuwa vijana wa grisi tunaojifunza uopereta, naye ndiye aliyeletwa kutufunza.

Na kufunza alijua, tusimdhulumu. Asubuhi hugusi swichi kabla hujaizunguka mashine: oili ya injini, maji ya rejeta, kipimo cha oili ya haidroliki, cheni ya kutembelea kama imelegea, paipu kama zinavuja. Kila pini inapigwa grisi hadi ile kuukuu, nyeusi, itokeze pembeni. Isipotokeza basi ule mdomo wa kupokelea grisi umeziba, ufungue uusafishe, usijidanganye. Injini iwake taratibu dakika tano hadi kumi ndipo uguse liva. Liva ya kushoto ukiisukuma mbele kono, lile linaloibeba ndoo, linanyooka, ukiivuta linakunjika, ukiilaza kushoto au kulia kibanda kinazunguka. Ya kulia ukiisukuma bumu, lile pande la mkono linalotoka kibandani, linashuka, ukiivuta linapanda. Ukiilaza kushoto ndoo inajikunja, kulia inamwaga. Wanafunzi wote huzishika liva kama mpini wa jembe, na ndiyo sababu mashine inatikisika kuliko dereva wake. Yeye alitaka vidole tu, na kiganja kilegee.

Lakini kanuni aliyoirudia hadi tukaiota usiku ni ya magurudumu ya meno, yale yanayoivuta cheni. Yawe nyuma yako daima. Kibanda kikishazunguka nusu duara bila wewe kuangalia, ukisukuma mbele unakwenda nyuma. Kule mgodini, alisema, mtu aliyesahau hilo alikanyaga pikapu ya msimamizi, na redio ikaendelea kuimba.

Bahari ndiyo hakuijua.

Siku hiyo mwezi ulikuwa umeandama, kwa hiyo bamvua, zile siku maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Pwani yetu hii, wakati wa bamvua maji hupwa kama saa nne asubuhi na hujaa kama saa kumi jioni, na tofauti ya kina inaweza kupita mita tatu. Saa nne tope lote la mlango wa mfereji lilikuwa wazi, limekauka juu, na yeye akaona barabara.

"Kaka, leo bamvua," nikamwambia.

"Bamvua ni nani?"

"Maji."

"Maji! Kule shimoni maji yakija tunayapampu."

Akaingia nayo, uso kwa bahari.

Mashine ya tani 20 yenye viatu vya cheni vya upana wa sentimita 60 hukandamiza ardhi kwa kiasi cha nusu kilo kila sentimita ya mraba, si mbali sana na mtu aliyesimama wima. Ndiyo maana hupita mahali lori linapozama. Ila hesabu hiyo ni ya mashine iliyotulia, ndoo imekunjwa karibu. Nyoosha kono na ndoo imejaa tope, uzito wote unahamia mbele. Chimbia ubavuni, cheni moja inabeba karibu peke yake. Mia Mbili Hamsini alifanya yote mawili kwa pamoja, na cheni ya kushoto ikaenda chini bila kuaga.

Hapo dawa ni kutulia. Yeye akakanyaga pedali za kutembea. Cheni inayozunguka mahali pamoja haitembei, inachimba. Kufikia saa sita mashine ilikuwa imekalia tumbo, na maji yameanza kurudi.

"Magogo," akasema. "Nataka magogo."

Mikoko ilituzunguka pande zote, lakini kuikata bila kibali ni kesi. Ukingoni, hata hivyo, palikuwa na babu mmoja, dau lake limefungwa, amekalia rundo la magogo ya mnazi. Alikuwa hapo tangu asubuhi, anatutazama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, wanangu. Mia tatu moja."

Hatukuwa tumeuliza.

"Mia tatu gogo bovu!" Mia Mbili Hamsini akang'aka. "Nakupa mia."

"Hapana haraka, mwanangu. Kafikiri."

Akaenda kufikiri. Aliporudi, rola za chini za cheni zilikuwa hazionekani, na bei imekuwa mia sita.

"Si ulisema mia tatu?"

"Ile ilikuwa bei ya maji kupwa."

Kwa mashine hizi mwisho wa maji ni katikati ya rola ya juu ya cheni. Yakipita hapo yanaifikia beringi kubwa inayozungusha kibanda na kuiosha grisi yake. Yakipanda zaidi, feni inayachapa na kuyarusha kwenye injini, na chumvi ikiingia kwenye alteneta na stata, mwite fundi wa umeme na umwandalie kitanda. Rola ya juu ilipoanza kulowa tukakubaliana elfu moja gogo, magogo 14. Babu alitaka M-Pesa.

Mtandao haukuwepo. Mia Mbili Hamsini akapanda juu ya kibanda, mkono mmoja umeshika taa, mwingine umeinua simu juu. Salio halikutosha, akamalizia na Fuliza, mkopo wa M-Pesa. Ujumbe ulipoingia, babu aliiweka simu mbali na macho, kisha akanipa mimi. "Nisomee. Soma na jina."

Nikasoma hadi jina la baba yake. Ndipo magogo yakashuka.

Kujinasua kwenyewe alikujua barabara. Akakizungusha kibanda polepole hadi kikaelekea ubavuni, upande wa cheni iliyozama. Akalaza ndoo kwa mgongo juu ya magogo matatu, maana ndoo nayo ukiitia kwenye tope tupu inazama tu. Ukilishusha bumu hapo, badala ya ndoo kwenda chini, cheni inapanda. Tope linang'ang'ania, usilazimishe, yape maji nafasi yapenye chini yake, utasikia mlio ambao mbele ya wakwe ungeomba radhi, halafu linaachia. Magogo tukayasukuma chini ya cheni kwa mti mrefu, yamekingama. Hakuna wa kupeleka mkono chini ya cheni iliyoning'inia, hata kwa gogo la elfu moja. Akashusha, akahamia upande wa pili, mambo yakawa yale yale.

Sasa kono livute, pedali zisaidie pole pole. Akakielekeza kibanda nchi kavu, akanyoosha kono, akang'ata ukingo kwa meno ya ndoo, akakanyaga mbele.

Kono likavuta kuelekea nchi kavu. Cheni zikavuta kuelekea India.

"Nyuma!" tukapiga kelele. "Kanyaga nyuma!"

"Nyuma ni baharini!"

"Mbele ndiyo nyuma!"

"Mbele ya nani?" akauliza babu, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Mwenzetu mmoja aliwahi kuwa makanga wa matatu. Akakimbilia ukingoni akaanza kupiga ubao wa dau la babu na kuita mji wa upande wa bara: "Garsen! Garsen! Garsen!" Mia Mbili Hamsini akachungulia dirishani, akayaona magurudumu ya meno yamemkodolea macho kwa mbele. Hakusema neno. Akakanyaga pedali kwa kisigino, mashine ikapanda magogo, ikajikokota hadi ukingoni huku maji yakitiririka kwenye kila tundu.

Jioni tuliiosha kwa maji baridi ya kisima, jerikeni kwa jerikeni, kisha tukapiga grisi kila pini na ile beringi kubwa hadi ile iliyochanganyika na maji ikatoka yote. Ndilo somo pekee siku hiyo ambalo mwalimu alilifundisha kimya.

Asubuhi babu alikuwa ukingoni kabla yetu.

"Nimekuja kuchukua magogo yangu."

"Yepi?" akauliza Mia Mbili Hamsini. "Si tulinunua?"

"Elfu moja upate gogo zima la mnazi? Wapi, Malindi hii? Ile ilikuwa kodi."

Tukautazama ujumbe wa M-Pesa. Kweli, haukusema kununua, haukusema kukodi. Magogo yote 14 yalikuwa chini ya tope, na kitu pekee cha kuyafukua kilikuwa eskaveta.

"Babu," akasema Mia Mbili Hamsini, kwa adabu ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, "hii bamvua inaisha lini?"

"Bado siku mbili tatu. Lakini usijali, mwanangu, nina magogo mengine."