Pua Inyooke kwa Kufuata Mstari Upi?

Kuna lalamiko linalojirudia kila panapozungumzwa upasuaji wa kunyoosha pua. Mtu amefanyiwa, uvimbe umeshuka, hewa inapita vizuri, lakini akijitazama bado anaiona pua imelalia upande mmoja kidogo. Hukumu hutolewa papo hapo: daktari ameshindwa kazi. Wakati mwingine hukumu hiyo ni ya haki. Lakini kwa wagonjwa ambao uso wenyewe haulingani kushoto na kulia, lawama hizi huwaangukia mara nyingi madaktari wale wale waliosema kweli tangu siku ya kwanza, kwamba pua itanyooka kwa kiasi kikubwa ila haitanyooka kabisa. Wanaonekana waoga, au hawajiamini. Nataka kueleza wanachokiona wao, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyosikika katika dakika chache za kuonana na mgonjwa.

Upande wa pili nao una haki yake. Pua iko katikati ya uso na imechomoza, hivyo haina pa kujificha. Kutoka kwenye nyusi hadi kwenye ncha ya pua hushuka mistari miwili ya mwanga na kivuli, na jicho la mtazamaji huifuata bila hata mwenyewe kujua. Mmoja ukikatika, uso mzima huonekana umekwenda upande, hata kama mataya yamelingana. Ndiyo maana wapo madaktari wanaoshikilia kwamba kazi yao ni kuirudisha pua katikati kadiri inavyowezekana, na kwamba ikisharudi, tofauti iliyobaki kwingine usoni haitaonekana sana kama mwanzo. Hilo hutokea kweli, bila taya kuguswa. Tena mtu aliyetaniwa kwa sura yake tangu shule ya msingi hana sababu ya kuridhika na nusu kazi. Hoja hii naiheshimu, na kwa mtu ambaye pua yake ilipindishwa na ajali huku uso wake ukiwa sawa, sina la kuongeza.

Kwa wengine, tatizo linaanzia chini ya pua. Sehemu ya juu ya pua ni mfupa, iliyobaki ni gegedu, yaani tishu ngumu kiasi lakini inayopindika, na kwa chini yote imeegemea taya la juu. Nusu moja ya taya hilo ikiwa fupi au imerudi nyuma kuliko mwenzake, bawa la pua (ukingo wa nje wa tundu) la upande huo hukaa nyuma, na mara nyingine juu au chini kuliko la pili. Ukuta wa pembeni wa pua nao huwa mrefu upande mmoja na mfupi upande mwingine. Kunyoosha pua ya namna hiyo ni kusimamisha kuta za nyumba iliyojengwa juu ya msingi ulioinama: kuta zitasimama, msingi uko pale pale.

Sababu za hali hiyo ni nyingi. Mtoto aliyezaliwa na mdomo uliopasuka upande mmoja, ncha ya mbele ya ukuta wa kati wa pua yake huvutwa kwenda upande usio na mpasuko. Mshono wa mbele wa fuvu ukijifunga mapema mno upande mmoja, mzizi wa pua huelekea upande uliojifunga na kidevu huenda upande wa pili. Neva ya uso ikipooza, misuli ya upande usiopooza huivuta pua kwake. Wagonjwa hawa kwa kawaida hufika wakijua kwamba uso wao una tofauti. Ninaowafikiria zaidi ni wale ambao hakuna aliyewahi kuwaambia lolote, ambao tofauti yao ni ya milimita chache tu, na wamekuja kwa ajili ya pua peke yake.

Kwa hao daktari anachukua rula na kuanza kutafuta katikati ya uso. Katikati ya pembe za ndani za macho kuna nukta moja. Katikati ya paji la uso kuna nyingine. Kijifereji kilicho kati ya pua na mdomo wa juu kina katikati yake, meno mawili ya mbele ya juu yana yao, na kidevu kina yake. Kwenye uso unaolingana nukta hizi zote huangukia mstari mmoja. Kwenye uso usiolingana hutawanyika, na anayedai pua inyooke hana budi kuchagua inyooke kwa kufuata ipi.

Takwimu ninayoirudia mara kwa mara ni ya mwaka 1997, ya Severt na Proffit wa Chuo Kikuu cha North Carolina nchini Marekani. Walipitia kumbukumbu za wagonjwa 1,460 wenye kasoro za meno na mataya, wakakuta asilimia 34 wana uso usiolingana kwa namna inayoonekana kwa macho. Miongoni mwa hao, sehemu ya juu ya uso ilihusika kwa asilimia 5 tu; sehemu ya kati, hasa pua, kwa asilimia 36; na kidevu kwa asilimia 74. Hawa walikuwa wagonjwa wa mataya, kwa hiyo viwango hivyo haviwezi kuhamishiwa kwa wagonjwa wa pua jinsi vilivyo. Kinachonishughulisha ni mpangilio wake. Kadiri unavyoshuka kutoka kwenye paji ndivyo uso unavyozidi kupotoka. Tena ukijumlisha asilimia hizo tatu unavuka 100, maana yake wapo waliopotoka zaidi ya sehemu moja. Macho, kwa wengi wao, yako mahali pake. Kidevu, kwa wengi wao, kimeondoka. Pua imekaa kati ya hivyo viwili, juu imefungwa kwa kimoja na chini inaelekea kwa kingine.

Fikiria basi maana yake kwenye chumba cha upasuaji. Pua ikifuatishwa macho kikamilifu, ncha yake inapishana na kijifereji cha mdomo, na kidevu ambacho upindaji wa pua ulikuwa ukikifunika kinajitokeza. Mgonjwa anaamka akiwa na pua iliyonyooka na mdomo ambao hajawahi kuuona umekwenda upande. Pua ikifuatishwa kidevu, mzizi wake unagombana na macho. Ustadi wa daktari, hata uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kutimiza yote mawili, kwa sababu mgongano huo hauko mkononi mwake. Uko kwenye mifupa ya mgonjwa.

Madaktari ninaowatetea huchora mstari mwingine, kutoka katikati ya pembe za ndani za macho hadi katikati ya mdomo wa juu. Mstari huo unaweza kuinama digrii chache ukiulinganisha na wima. Pua inayojengwa juu yake haina mkunjo wala nundu, ila imeinama pamoja na uso, na anayemtazama mgonjwa haoni cha kumshtua. Hapa ndipo majadiliano mengi hupotea. Pua yenye mkunjo wa herufi C au S na pua iliyonyooka lakini imeinama ni kasoro mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inakata ile mistari ya mwanga na kivuli, na kuiacha ni kuacha kazi. Ya pili jicho huisamehe kwa urahisi, mradi mwelekeo wake unakubaliana na mdomo ulio chini yake.

Gegedu nalo lina sauti yake. Mwaka 1958 Gibson na Davis walieleza kwamba gegedu hubeba mivutano ndani yake, na likikatwa bila kuzingatia uwiano wa mivutano hiyo hujipinda. Likikwaruzwa upande mmoja, hupinda kuelekea upande usiokwaruzwa. Ukuta wa kati uliokua ukiwa umepinda tangu utoto una tabia ya kutaka kurudi ulikokuwa. Kwa hiyo daktari hukata sehemu iliyopinda na kuacha ukanda wenye umbo la L, wenye upana wa angalau milimita 10, ili mgongo na ncha ya pua vipate pa kuegemea. Anaweza kupachika vipande vya gegedu kandokando ya ukanda huo ili kuushikilia usipinde tena, mbinu ambayo Jack Sheen aliieleza mwaka 1984. Kwa waliopinda vibaya, ukuta wote hutolewa nje, hunyooshwa mezani, kisha hurudishwa. Wazo hilo King na Ashley walilichapisha mwaka 1952. Ukanda ukiachwa mwembamba mno, mgongo wa pua hudidimia. Ukuta uliotolewa wote usiposhikizwa imara kwenye mfupa wa juu, huteleza, na pua hubonyea pale pale. Milimita ya mwisho ya kunyoosha ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote zilizotangulia, na daktari anayeiacha ili pua isibonyee miaka kadhaa baadaye anamlinda mgonjwa, hata kama picha za baada ya upasuaji hazimpi sifa.

Kwenye pumzi, hata hivyo, sikubali maafikiano. Njia ya hewa haijali kidevu kiko wapi. Mlango wa ndani wa pua, mahali ukuta wa kati unapokutana na gegedu la pembeni kwa pembe ya digrii 10 hadi 15 hivi, ndio sehemu finyu kuliko zote, na mfupa wa pembeni ukisukumwa ndani ili sura ipendeze, mlango huo unaweza kubanwa. Mgonjwa aliyeingia akipumua kwa tundu moja anapaswa kutoka akipumua kwa mawili. Hapo kutolingana kwa uso si kisingizio.

Kioo nacho kinachangia malalamiko. Mwaka 1977 Theodore Mita, Marshall Dermer na Jeffrey Knight waliwaonyesha washiriki picha zao za kawaida na zile zilizogeuzwa kama kwenye kioo. Washiriki walipendelea zaidi zilizogeuzwa, ilhali rafiki zao walipendelea za kawaida. Wengi walipenda sura waliyoizoea. Mwenye uso usiolingana ameuzoea upande ule ambao kioo kimemwonyesha maisha yake yote. Akipigwa picha, taya lililokuwa likielekea kushoto linaelekea kulia, na tofauti anayoiona humjia maradufu. Kabla ya upasuaji alikuwa akilaumu pua kwa yote hayo. Pua ikishanyooshwa, macho yake yanahamia kwenye kidevu, na kidevu hakijabadilika hata kidogo. Daktari aliyemwonyesha kidevu hicho mapema, kwa picha ya mbele na ile iliyopigwa kichwa kikiwa kimeinuliwa ili matundu ya pua yaonekane, amemwepusha na huzuni kubwa.

Naelewa kwa nini wapinzani hawaiamini hoja hii. Ni rahisi mno kuitumia kufunika kazi mbovu. Mfupa uliovunjwa upande mmoja tu, ukuta wa kati ulioachwa umepinda kwa sababu ni kazi ndefu, kisha mgonjwa anaambiwa, "Uso wako ndio ulivyo." Jambo hili lipo, na linawaumiza watu. Cha kutazama ni wakati. Tofauti iliyopimwa, ikaandikwa na kuonyeshwa kwenye picha kabla ya kisu ni uchunguzi. Ile inayogunduliwa baada ya mgonjwa kulalamika haistahili kuaminiwa, na mgonjwa ana kila haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine, ingawa ni vizuri asubiri karibu mwaka mzima, maana uvimbe wa pua, hasa kwenye ncha, huchukua muda huo kushuka wote.

Wapo watakaouliza kwa nini basi msingi wenyewe usirekebishwe kwanza. Kwa mwenye meno yasiyokutana sawasawa na taya lililopotoka sana, jibu ni kwamba urekebishwe, na pua ifuate miezi kadhaa baadaye, kwa kuwa kusogeza taya la juu hupanua kitako cha pua na kubadili ncha yake. Lakini hiyo ni nusu kaputi ndefu, ni nyaya za meno ambazo mara nyingi hukaa zaidi ya mwaka, na ni uwezekano wa ganzi ya mdomo wa chini isiyoisha. Kumpeleka huko mtu mwenye tofauti ya milimita 2 au 3 ambaye meno yake hutafuna vizuri ni kumtibu kwa dawa nzito kuliko ugonjwa. Kwake kuna njia nyepesi. Kipande cha gegedu huwekwa chini ya bawa la pua lililorudi nyuma ili liinuke. Mfupa wa kidevu unaweza kukatwa kupitia ndani ya mdomo na kusogezwa kuelekea katikati, siku ile ile ya upasuaji wa pua, bila kovu la nje. Nashangaa jinsi wagonjwa wachache wanavyoelezwa kuhusu kidevu, ilhali ndicho kinachoongoza katika hesabu za 1997.

Yupo mmoja ambaye hapaswi kuguswa kwanza: mtu mzima, mara nyingi kijana, ambaye kifundo cha taya la chini kinaendelea kukua upande mmoja na kidevu chake kinazidi kuondoka mwaka hadi mwaka. Mstari wowote utakaochorwa leo kwenye uso wake utakuwa umehama kabla uvimbe haujaisha. Kwake daktari hulinganisha picha za miaka iliyopita na za sasa, huomba kipimo cha kuona kama mfupa bado unakua, na pua husubiri.